Kijani cha ziwa si kimoja: nilivyofundishwa kuchora maji na mwanika dagaa

Wakuu salaam, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuchangia, salaam pia.

Haya sikusimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, brashi mkononi, na kama humu kuna mtu wa mwalo nitakaoutaja atanisahihisha nikikosea.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango, Igoma. Baba yangu alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo. Saluni, gereji, duka la dawa, ukiona herufi zenye kivuli cha njano basi jua nimepita hapo.

Mwaka juzi alinijia dada mmoja, mtafiti wa maji ya ziwa. Nitamwita Rehema. Akanieleza kwamba kuna vipindi ziwa linajaa vijidudu wa kijani, na baadhi yao wana sumu inayoumiza ini. Maji ya bomba yakikatika, watu wa mwalo mmoja, ufukwe wa wavuvi upande wa Ilemela, wanachota ziwani. Alishawagawia karatasi zenye grafu, zikaishia kufungia vitumbua.

Akataka bango.

Nikampa bango. Fuvu, mifupa miwili, herufi nyekundu: HATARI, MAJI YA KIJANI USITUMIE. Nililipenda sana, siwafichi.

Wiki moja baadaye tulilikuta limelazwa juu ya mawe, dagaa wameanikwa juu yake.

Aliyewaanika ni Mama Bwire, mama wa Kijita wa miaka kama sitini, ambaye kazi yake tangu usichana ni dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Rehema akamuuliza kwa upole kwa nini bango limeshushwa.

"Ziwa ni la kijani mwaka mzima," akasema. "Sasa mnataka tunywe nini?"

Halafu akanigeukia mimi.

"Na hiyo rangi yako ni ya mlango wa shule. Humu ziwani haipo."

Wakuu, kuambiwa mimi sijui rangi! Nilirudi nyumbani nimenuna.

Kesho yake asubuhi nikarudi peke yangu na makopo ya rangi, thina ya kuizimulia na kipande cha ubao. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Yale mawe makubwa ya kwetu yalionekana kama yanaelea, na maji yametulia hadi unaona aibu kukohoa. Nikachanganya bluu na njano, nikaongeza tone la nyeusi, nikamwonyesha Mama Bwire. Akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza dagaa.

Nilienda asubuhi ya pili, ya tatu, ikafika ya sita. Ikawa nikifumba macho naona kijani tu. Mezani naduwaa naangalia kijani cha mlenda badala ya kula. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa, ila nilikuwa kama mtu anayetembea ndani ya ndoto ya ziwa na hana haraka ya kuamka.

Kidogokidogo mama akaanza kuongea. Akanitajia maji kwa Kijita, kama alivyofundishwa na mama yake. Nawawekea kwa Kiswahili.

Kuna maji ya chai, kijani chepesi chenye ukahawia, ya siku zote.

Kuna maji ya mlenda. Ukitumbukiza kijiti kinatoka na nyuzi ndefu zinaning'inia. Hayo yanachafua nyavu, basi.

Na kuna maji yaliyomwagiwa rangi. Kijiti kinatoka kimepakwa, kama umekichovya kwenye kopo langu. Zamani walikatazwa hata kuyaoga, na mbuzi walizuiwa kushuka.

Nikampigia simu Rehema. Akaja na chupa zake, akachukua sampuli kila mahali alipoonyeshwa na Mama Bwire. Aliporudi na majibu ya maabara akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatueleza taratibu. Kwenye maji ya mlenda hakuwakuta vijidudu wale wa sumu. Kwenye maji yaliyomwagiwa rangi walijaa tele. Akasema kijiti hakimalizi kila kitu, maji ya ziwa yana magonjwa mengine na ni lazima yachemshwe, lakini kwa hili, mama alikuwa anaona mapema kuliko hadubini yake.

Nilidhani Mama Bwire atafurahi.

Akasema siku hizi bomba likikatika hata yale yaliyomwagiwa rangi wanachota. Wanayachemsha sana, ndiyo wanakunywa.

Rehema akasogeza ndoo yake karibu naye.

"Mama, hii sumu haifi kwa moto. Ukichemsha inabaki humohumo."

Hapo ndipo tukajua habari ya mdogo wake Mama Bwire. Aliugua, akaletwa kwake, na mama akamuuguza mwezi mzima bomba likiwa kavu. Kila siku alimchemshia maji ya ziwani. Mdogo wake hakupona.

"Kwa hiyo mimi ndiye nilimpa?"

"Sijui, mama," Rehema akajibu. "Alikuja tayari anaumwa. Siwezi kukudanganya, hakuna anayeweza kujua sasa."

Mama Bwire akarudi kwa dagaa wake. Tukaondoka bila kuaga vizuri, nami nikaamini tumeharibu.

Siku ya tatu akanipigia simu.

"Njoo uchore sufuria yangu."

Nikachora kwenye mbao za mtumbwi mbovu. Tatu za maji, kila moja na kijiti chake na rangi aliyoikubali mwenyewe. Ya nne ni sufuria yake juu ya mafiga, moto unawaka, maji yanatokota, na bado ni kijani kilekile. Hakuna fuvu. Akachagua mwenyewe pa kuzitundika, kwenye njia ya kushukia na ndoo.

Miezi ikapita. Bomba likakatika, na maji ya kando ya ziwa yakageuka. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kuandika jina la mtumbwi. Kina mama wakashuka na ndoo zao. Mama Bwire akachovya kijiti, akakishikilia kando ya ubao wa tatu, ule wa maji yaliyomwagiwa rangi. Hawakushtuka. Mmoja akasema wao watachemsha tu.

Ndipo Mama Bwire akawasimulia habari ya mdogo wake. Baadaye aliniambia zaidi yetu hakuwahi kumwambia mtu. Aliisema kwa maneno machache, bila kulia, mkono wake ukiwa juu ya ile sufuria niliyochora.

Wakageuka mmoja mmoja, wakaanza kupanda kuelekea kisima cha kanisani, mbali kweli. Nikabeba ndoo moja nikawafuata. Nilipogeuka nyuma, jua lilikuwa limelala juu ya yale maji, na nakiri mbele yenu, sijawahi kuona kijani kizuri vile. Nilitamani nikae nikitazame siku nzima. Nikapanda na ndoo yangu.

Nilichojifunza: mtaalamu alijua moto hauiwezi sumu, mama alijua ni maji gani, na mimi nilikuwa napiga kelele kwa herufi nyekundu bila kumuuliza yeyote kati yao.

Wakuu wa Ukerewe, Musoma, Bukoba na kokote maji yalipo: kina mama wa kwenu huyaitaje maji yakigeuka? Niandikieni hapa chini, na rangi yake mnieleze vizuri.