Bipu za Kisiwa Kidogo

Mama yangu alininunia kwa sababu ya bipu, na nilistahili.

Yeye yuko Morogoro na simu yake ni kitochi, ile ndogo ya vitufe. Kwa miaka yote niliyokaa London tulikuwa na utaratibu wetu. Saa saba mchana ya kwao, akishakula na kumeza dawa yake ya presha, ananibipu mara moja, simu inaita kidogo anakata. Maana yake nimekula, nimemeza, nipo. Akibipu mara mbili, nipigie. Mimi sipokei wala sijibu, natupa jicho kwenye kioo cha simu, naliona jina lake, basi, naendelea na siku yangu.

Sasa saa saba ya Morogoro, majira ya joto, ni saa tano asubuhi ya London, na saa tano mimi huwa kikaoni. Na nikiwa kikaoni mimi ni mtu mkubwa, tusisahau hilo. Nafanya kazi katika kampuni ndogo ya ushauri inayosaidia nchi kutunga kanuni za simu. Kitambulisho cha kazi nakivaa tangu mlangoni kwangu Edmonton, kaskazini mwa London, ili majirani wakione, ingawa ofisini hakiulizwi na mtu. Kwenye vikao vya harusi vya Watanzania wenzangu kule Woolwich wananiita mtaalamu, na mimi hujifanya sijasikia ili warudie.

Siku moja nilikuwa nasailiwa kwa simu ili nipandishwe cheo. Nikiwa katikati ya sentensi niliyoikariri wiki nzima, bipu ya mama ikaingia. Nikapoteza maneno, nikaanza kugugumia kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Cheo sikukipata. Ukweli ni kwamba hata kabla ya bipu nilikuwa navurunda, lakini mtu akishakosa lazima atafute wa kumtwisha lawama, na wa karibu alikuwa mama.

Nikampigia jioni ile. "Mama, haya mambo ya kubipu ni ushamba. Yananiharibia kazi. Watu siku hizi wanatumiana meseji."

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Sawa, bwana mkubwa."

Jamani, mama yako mzazi akikuita bwana mkubwa, ujue umekwisha.

Bipu zikakoma kuanzia kesho yake. Meseji hazikuja, kwa kuwa mama haoni zile herufi za kitochi, na mimi hilo nililijua tangu mwanzo. Nikawa napiga mwenyewe. "Umemeza dawa, mama?" "Usiache kazi ya Wazungu kwa ajili ya vidonge vyangu," anajibu, halafu anakata. Kila siku hivyo hivyo. Saa tano ikifika nilikuwa najikuta naangalia simu chini ya meza. Amemeza? Amesahau? Yupo? Binti yangu, ambaye anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza chake cha Edmonton, aliniuliza siku moja, huku anatafuna mkate, kwani kazi yangu si ndiyo kuwaunganisha watu kwa simu. Nikamwambia awahi basi lake.

Wakati huohuo ofisini tulipata kazi ya visiwa vitano vya Karibiani. Ni nchi ndogo sana. Nyingine wakazi wake wote wangeenea kwenye mitaa michache ya huku kwetu. Kampuni kubwa ya simu ikija kisiwa kimoja inakiambia, mkinibana naondoka, na kisiwa kinanywea. Kwa hiyo wameungana. Wana mamlaka moja ya pamoja inayoandaa kanuni, kila kisiwa kinazipitisha kwao, na kampuni ikitaka kubishana inabishana na wote. Aliyewahi kupanga chumba uswahilini analielewa hili bila kufundishwa: mpangaji mmoja akilalamikia choo anaonyeshwa mlango, lakini wapangaji watano wakienda pamoja, mwenye nyumba anamtafuta fundi.

Safari hii walikuwa wanatengeneza mkataba ili mtu wa kisiwa kimoja akisafiri kwenda kingine simu yake ihesabiwe kama yuko nyumbani. Nilipewa kazi ya kupima ubora wa mitandao. Nikakaa na takwimu siku kadhaa, miwani puani, mlango nimeufunga. Nikagundua jambo. Katika kile kisiwa kidogo kuliko vyote, simu nyingi mno zilikuwa zinaita kwa sekunde moja au mbili, kisha zinakatika kabla ya kupokelewa. Hasa asubuhi. Namba zilezile, kila siku, saa zilezile.

Mtu yeyote mwenye akili angesita kwenye maneno "saa zilezile". Mimi sikusita. Niliandika sura nzima nikaipa jina la kutisha, "Simu Zinazokufa Njiani". Nikapendekeza kisiwa kile kiwekwe pembeni ya mkataba mpaka mtandao wake utibiwe. Bosi akaisifu. Nilitembea kutoka kituoni hadi nyumbani natabasamu peke yangu.

Wajumbe wa visiwa wakaja London kwa wiki moja ili tuipitie ripoti. Wa kisiwa kidogo alikuwa mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilisimama mbele yao na michoro yangu. Nilieleza kwa utulivu wa daktari anayetoa habari mbaya. Nilipomaliza, yule mama alinyoosha kidole.

"Kijana, wewe ni mtu wa wapi?"

"Tanzania."

"Na kwenu watu hawafanyi hivi?"

"Hawafanyi nini, mama?"

Hakujibu. Alitazama saa ya ukutani, akatoa simu yake mkobani, akaiweka katikati ya meza. "Tusubiri kidogo," akasema. Tukakaa pale watu wazima kumi na suti zetu, tunaitazama simu. Bosi alikohoa. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, maana yake kwao ndiyo kwanza kumekucha.

Simu ikaita mara moja. Ikakata.

"Mama yangu huyo," akasema. "Ameamka."

Wale wajumbe wengine wakaangua kicheko. Mmoja akasema shangazi yake naye huwa hachelewi, na kabla hajamaliza ikaita ya kwake mfukoni, mara moja, ikakata. Meza nzima ikachangamka. Yule mama akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni, kwamba kisiwa chake vijana wote wametoka, wako visiwa vya jirani au huku Uingereza, waliobaki ni wazee. Asubuhi kila mzee anampigia mwanawe na kukata. Haimgharimu kitu. Asiyepiga, mtoto anampigia jirani akamwangalie. "Mtandao wetu ni mzima," akasema. "Hizo ulizoandika zimekufa, mwanangu, ndizo zinazotuambia nani yu hai."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Mimi! Mtoto wa Morogoro, niliyejua kubipu kabla sijajua kufunga tai! Chuoni nilikuwa na bipu ya nimefika, bipu ya njoo kantini, na bipu ya usije, wenye nyumba wamerudi. Mwingereza angekosea nisingemlaumu, yeye bipu kaijulia wapi? Lakini mimi nilikuwa nimeandika sura nzima kuthibitisha kwamba mama zetu ni hitilafu.

Niliomba radhi, nikasema sura ile naiondoa. Bosi akatangaza mapumziko kwa sauti ya mtu anayetaka kuniona baadaye. Nikateremka ngazi mpaka chini kwenye mapipa ya taka, nikatoa simu.

Ningeweza kumpigia mama. Nina dakika za bure mpaka sijui nizifanyie nini. Lakini nikipiga ningepata "usiache kazi", kisha angekata. Nikambipu. Ikaita mara moja, nikakata.

Sasa kwetu kuna adabu yake. Mwenye uwezo habipu, na mtoto hambipu mzazi, sembuse mtoto aliyeko London. Mwanamume mzima aliye Ulaya akimbipu mama yake mwenye kitochi, ama ni mhuni, ama yamemfika. Nilisimama pale na harufu ya mapipa, kama nasubiri matokeo ya mtihani.

Simu ikaita. Ikaendelea kuita. Mama alikuwa anapiga mwenyewe, kwa vocha yake.

"Wamekufukuza?" ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa umenibipu kwa nini, wewe? Moyo umeniruka!"

"Nilitaka kujua kama upo."

Nilisikia kuku kwa mbali, na redio ya jirani. "Mama, nilikukosea. Naomba unibipu. Hata nikiwa na rais, nibipu."

"Si ulisema ushamba?"

"Mshamba ni mimi."

"Hilo nalijua," akasema. "Nimekuzaa mimi." Kisha vocha ikaisha, maana hata kwaheri haikufika.

Sikujua kama nimesamehewa. Kesho yake saa tano nilikuwa chumba kilekile, wajumbe walewale, tunasoma mkataba kifungu kwa kifungu, na kisiwa kidogo kimerudi kwenye orodha mahali pake. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya meza, kioo juu, sauti nimeifungulia mpaka mwisho. Saa tano ikapita. Saa tano na dakika tano. Nikasoma kifungu kimoja mara mbili bila kujua nasoma nini. Saa tano na dakika kumi bosi aliniuliza kama niko pamoja nao.

Ikaita mara moja. Ikakata.

Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kusema samahani kwa Kiingereza safi cha kikaoni, lakini mdomo ukafunguka na Kiswahili chake. "Mama yangu huyo. Amemeza dawa."

Hakuna aliyeelewa neno hata moja mle ndani, isipokuwa yule mama wa kisiwa kidogo, ambaye Kiswahili hakijui. Alivua miwani yake, akaipangusa, akaniambia nimfikishie mama salamu zake.