Wanawake Waliobeba Viti

Mong'ina binti Masese alikulia Homa Bay, nyuma ya duka la baba yake, kati ya magunia ya chumvi na majora ya kitambaa cha marekani. Jamaa zao walikuwa wameshuka kutoka Kisii yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na alipofika umri wa shule alikuwa anasali kwa Kikisii, anagombana na wenzake kwa Kidholuo na kuwahudumia wateja kwa Kiswahili. Mzee Masese alikuwa Msabato asiyeyumba. Gari la sinema la serikali lilipofika uwanjani na watoto wote wa mtaa kulikimbilia, Mong'ina aliruhusiwa kusimama mlangoni pa duka tu. Kutoka pale aliiona shuka ya kuonyeshea picha kwa upande wa nyuma, watu wote wakitumia mkono wa kushoto na maandishi yakisomeka kinyume. Na hata hayo hakuyaona kwa muda mrefu, maana picha zikishaanza tu, mama yake humwita ndani kwa sala ya jioni.

Basi utoto wake wote Mong'ina aliona mianzo. Hakuna sinema hata moja aliyoijua mwisho wake. Alilala akijimalizia hadithi mwenyewe.

Mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na sita aliingia chuo cha ualimu, si mbali na mji. Huko alikuwapo mkufunzi mmoja, Mwalimu Nicanor, mtu mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyekuwa amesomea mambo ya picha za sinema Nairobi na kurudi na kamera ndogo ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani. Alisema mwalimu wa siku hizi hawezi kutegemea chaki peke yake. Alasiri moja akawaagiza wanafunzi watundike mablanketi madirishani, akaiwasha mashine ya sinema, na shuka ukutani ikajaa mwanga.

Filamu ya kwanza ilihusu kilimo cha pamba. Ilianza na ramani, na sauti nzito ikieleza. Kabla mtu hajaketi vizuri, Mwalimu Nicanor akazima. Ya pili ikaanza na daktari nyuma ya meza yake, akitazama watu usoni na kuwahutubia. Akazima tena. Ya tatu ilianza na mlango wa nyumba umefungwa. Mkono ukabisha hodi. Kimya. Ukabisha tena, safari hii kwa nguvu, na kuku aliyekuwa kizingitini akaruka.

Mashine ikazimwa. Darasa zima likalalamika kama watu walionyang'anywa sahani.

"Mwalimu, aki ya Mungu, tuonyeshe ni nani!" mmoja akapiga kelele.

"Ya pamba hamkuililia," Mwalimu Nicanor akasema, akifuta miwani yake. "Ya daktari pia hamkuililia. Kwa nini hii?"

Mong'ina, ambaye peke yake hakuwa amelalamika kwa vile alikwisha kuzoea, akainua mkono. "Kwa sababu zile mbili zimetueleza, mwalimu. Hii imetuacha na swali, na mtu mwenye swali haondoki."

Mwalimu Nicanor hakumsifu. Alimtazama tu kidogo, na juma lililofuata alipogawa kazi ya kutengeneza filamu ya darasa, mpango wa mwanzo akampa yeye pamoja na Matiko.

Matiko alikuwa Mkuria wa Kehancha, kijana mrefu, mpole, aliyependa ramani kuliko chakula. Filamu ingehusu masomo ya ngumbaru huko Ndhiwa, ambako akina mama walikuwa wanajifunza kusoma ndani ya kanisa dogo baada ya kazi za shamba. Matiko hakuona tatizo lolote.

"Tunaanza na ramani ya South Nyanza," alisema. "Kisha kidole kinaonyesha Ndhiwa. Mtu akijua yuko wapi, anatulia."

"Akitulia sana atasinzia," Mong'ina akajibu. "Hebu twende tukaone kwanza."

Wakaenda. Wakaketi juu ya jiwe ng'ambo ya kiwanja cha kanisa, na jua lilipoanza kupungua ukali, Mong'ina akaona kitu kilichomfanya amshike Matiko mkono bila kufikiri. Kwenye njia nyembamba katikati ya mtama walikuwa wanakuja wanawake kwa mstari mmoja, na kila mmoja amebeba kiti kichwani. Wengine vigoda, wengine viti vya kuegemea vilivyogeuzwa miguu juu. Kanisa halikuwa na mabenchi ya kutosha, kila mwanafunzi alikuja na chake.

"Kama hujaambiwa," Mong'ina akanong'ona, "ungefikiri wanakwenda wapi?"

Matiko akafikiri. "Matangani. Au harusini."

"Si ndiyo hiyo! Acha watu wafikiri hivyo. Halafu wanaingia, wanaketi, na mmoja anashika chaki."

Matiko akaiaga ramani yake moyoni. Mwishowe akasema, "Basi kamera ikae chini, karibu na ardhi. Tuone miguu ya viti ikipita juu ya mtama kabla ya kuona watu." Na Mong'ina akajua hapo kwamba wameelewana.

Walirudi chuoni wakachora yote kwenye karatasi ya kaki, kisanduku baada ya kisanduku: mtama peke yake, miguu ya viti, nyuso, mlango wa kanisa, chaki. Mwalimu Nicanor akaitazama, akakuna kidevu, akasema mkanda ni mmoja na ni mfupi, kwa hiyo wasije wakakosea.

Siku ya kupiga picha ilipofika, lori la chuo likawashusha Ndhiwa. Akina mama walikuwa wamekwisha kufika. Walikuwa wamevaa nguo za Jumapili, vitambaa vya kichwa vimepigwa pasi, nao wameketi kwa heshima juu ya mabenchi waliyoazima shule ya jirani kwa ajili ya wageni. Kiti kichwani mwa mtu hakikuonekana hata kimoja.

Kiongozi wao alikuwa Mama Rispa, mjane mwenye meno meupe na kicheko cha karibu. Mong'ina akamwendea, akapiga goti kidogo, akaeleza anachotaka. Kicheko kikatoweka.

"Ooyo, nyathina, hapana mwanangu. Hiyo picha itaenda mpaka Nairobi. Unataka watu waseme wanawake wa Ndhiwa hawana pa kukalia?"

"Hapana, mama. Nataka waseme, hawa ni watu gani wanaobeba viti vyao wenyewe kwenda kutafuta kitu? Ni kitu gani hicho?"

"Watasema tunakwenda matangani."

"Kwa muda mdogo tu, mama. Kisha wataona."

Akafungua karatasi ya kaki, wanawake wakamzunguka. Walitazama visanduku kimoja kimoja, wakavijadili kwa Kidholuo haraka haraka. Mmoja akauliza kwa nini yeye hana shingo. Mama Rispa akaweka kidole juu ya kile kisanduku cha nyuso.

"Hapa umetuchora tumenuna."

"Nilidhani ni vizuri, mama. Ili watu wadhani ni matanga."

"Sasa sikiliza. Kubeba, tutabeba. Lakini kununa hatununi. Watu wakituona tunacheka na viti vichwani, hawatajua ni matanga wala ni nini. Si ndivyo unavyotaka?"

Mong'ina akamtazama Matiko. Matiko akatazama juu ya mtama, akaanza kutabasamu. "Ni bora zaidi," alisema. "Wallahi ni bora."

Watu wakatumwa kuvileta viti. Matiko akalala kifudifudi njiani, akatia kamera ufunguo. Mong'ina akasimama kando na kitambaa cheupe mkononi, na alipokipunga, mstari ukaanza kutembea.

Miguu ya viti ikatokea juu ya mtama. Zikafuata nyuso, Mama Rispa mbele, wote wanacheka kwa jambo walilokuwa wakisimuliana wao kwa wao. Kila kitu kilikuwa kama kilivyochorwa, mpaka alipofika mama mmoja mnene, Truphena. Truphena alikuwa amechoka. Alifika mbele kabisa ya kamera, akasimama, akateremsha kigoda chake kichwani, akakiweka katikati ya njia na kuketi. Akajipepea kwa upindo wa nguo. Waliomfuata wakampita kulia na kushoto kama maji yanayopita jiwe. Mbuzi watatu wakaja wakampita pia.

Mong'ina akaziba mdomo kwa kiganja. Mkanda ulikuwa unakwenda. Matiko hakuinua kichwa.

"Kwa nini hukuzima?" Mong'ina alimuuliza baadaye.

"Nilitaka kuona kama atainuka," Matiko akasema.

Mkanda ulipelekwa kusafishwa, ukakawia hadi wakaanza kudhani umepotea. Uliporudi, Mwalimu Nicanor alisema ni haki wenye picha waione kwanza. Wakatundika mablanketi kwenye madirisha ya kanisa la Ndhiwa mchana, kanisa likajaa hadi mlangoni. Mtama ukaonekana, umetulia. Miguu ya viti ikapita. Mtu nyuma akauliza kwa sauti, "Nani amekufa?" na wenzake wakamnyamazisha. Nyuso zikatokea zikicheka, na kanisa nalo likacheka. Kisha Truphena akaketi njiani, akajipepea, akawatazama wote moja kwa moja machoni, na vicheko vikawa vya kushika mbavu. Truphena mwenyewe, aliyekuwa mstari wa mbele, alisimama akaisalimu picha yake, na alipoketi, shukani wenzake walikuwa wamekwisha kuingia kanisani na mmoja ameshika chaki.

Mong'ina alikuwa ameegemea ukuta. Safari hii alikuwa upande wa mbele wa shuka, na mwanzo ule ulikuwa wa kwake. Alitambua kwamba mashavu yanamuuma, na kwamba amekuwa akitabasamu tangu mashine iwashwe.

"Wale mbuzi ningewatoa," Mwalimu Nicanor alisema wakikunja mablanketi. Lakini hakuwatoa.

Mong'ina hakutengeneza filamu nyingine. Alipomaliza chuo alipelekwa Kosele kufundisha darasa la kwanza, akaolewa na Ombui, fundi cherehani wa pale sokoni, na kazi yake aliipenda. Mzee Masese hakuiona ile picha, ila aliwasimulia wateja kwamba binti yake amewahi kuwafundisha watu kubeba viti, jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Matiko alirudi Kehancha kufundisha jiografia. Siku moja mwaka wa sitini na tisa alipita Kosele na mke wake, wakakaribishwa chai, na kabla ya vikombe kujaa alikuwa amekwisha kusema kwamba katika ile picha mbuzi ndio waliokuwa wazuri kuliko vitu vyote. Mong'ina akasema hapana, ni Truphena. Wakabishana hadi chai ikapoa, na Ombui akaenda kuipasha moto tena.