Sista Vigelegele na Kidole Kilichoitika

Sista Vigelegele alizaliwa tarehe 9 Machi 1931, mtoto wa tatu wa dobi na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonukia sabuni na pasi ya makaa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa haraka: nguo hazijakauka, yeye amekwisha kuzikunja. Alipotimiza miaka kumi na tisa aliitika wito, akaingia utawani, na baada ya nadhiri zake akapewa kuhudumia wodi ya waliopooza.

Mwaka 1956 aliletwa mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, miguu haina nguvu. Sista alifunga na kusali, akitaka muujiza wa kuonwa na watu wote, kisha akamtangazia mgonjwa, "Jumapili utatembea hadi altareni." Mwashi akamwamini. Jumapili ilipofika, wauguzi wawili walimsimamisha mlangoni pa kanisa; akawaachilia, akaanguka kifudifudi mbele ya mkewe na waamini wote. Tangu saa hiyo akaugeukia ukuta: hataki chakula, hataki kunyooshwa miguu. Daktari akaonya waziwazi kwamba viungo vikikakamaa, hatasimama tena maishani.

Hapo ndipo Mungu alipomfunza mtumishi wake. Siku tatu alipiga magoti, akakiri kwamba aliipenda sifa ya muujiza kuliko alivyompenda mgonjwa. Hakuomba tena miguu; aliomba macho ya kuona kile ambacho Mungu amekwisha kukianza. Siku ya nne asubuhi, akimwosha mwashi miguu kwa maji ya vuguvugu, kidole gumba cha kulia kikacheza! Sista akaitupa taulo, akapiga vigelegele hadi madirisha yakatetemeka. Muuguzi mkuu akaja mbio.

"Sista! Hapa tupo wodini au harusini?"

"Kidole kimeitika, bibi! Kimeitika!"

"Kidole tu, dada," mwashi akanung'unika.

"Na Mungu alianza na udongo tu, kaka. Haya, kichezeshe tena!"

Mwashi akacheka, mara ya kwanza tangu ile Jumapili, akakichezesha tena. Mchana huo alikula, na jioni akakubali kunyooshwa miguu. Baada ya miezi kumi na minne alitoka wodini kwa magongo, akitembea mwenyewe.

Kwa miaka thelathini na mitatu wodi ile haikukosa shangwe. Aliyeshika kijiko alishangiliwa. Aliyefunga kifungo cha shati alishangiliwa. Na wagonjwa wakajifunza kushangiliana, hata muuguzi mkuu naye. Sista alifariki tarehe 2 Agosti 1989, akiwa ameshika mkono wa mgonjwa ambaye yeye alikuwa amekwenda kumlisha.

Padri aliyetumwa kukusanya ushuhuda wa utakatifu wake alisikiliza watu arobaini, kisha akamwuliza mwashi, sasa mzee wa mvi, "Hakuna muujiza mkubwa hata mmoja?"

"Padri, leo asubuhi nimevaa viatu vyangu mwenyewe," mwashi akajibu. "Wewe nawe umevaa vyako. Umemshukuru nani?"

Padri akaviangalia viatu vyake, kisha akaandika jibu lile neno kwa neno.

Basi, wapendwa waamini, tumwige mama huyu. Mwendeeni mgonjwa aliye karibu nanyi, mwosheni, mkitafuta kwa bidii kile ambacho Bwana amekwisha kukianza ndani yake. Na mkikiona, hata kiwe kidogo namna gani, msinong'one. Shangilieni!