Jina Ndani ya Koti

Kila ninapopiga pasi koti la sufu lenye unyevu, harufu yake hunirudisha kwenye chumba cha Papa, yaani baba yangu, fundi cherehani, kule Troyeville tulikohamia.

Kwetu Kongo mtoto hupewa jina la ndugu, si lazima la baba. Mimi nilipewa la babu yangu mzaa mama. Shuleni wenzangu walinicheka: "Eish, huyo si baba yako! Mbona majina hayafanani?" Nilianza kumtazama Papa kwa siri, nikitafuta pua yangu usoni mwake.

Siku moja mama mzee wa kizungu alileta koti la marehemu mumewe lipunguzwe. Ndani ya kola palikuwa pameshonwa jina: Krawczyk.

"Jina la wapi hili, Mama?" Papa aliuliza.

"La kwetu Polandi. Maana yake fundi mdogo wa nguo, mtoto wa fundi." Akacheka. "Na mume wangu hata kifungo hakujua kushona! Labda babu wa babu yake."

Mimi nilikuwa kwenye kigoda, nikimtilia Papa uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Yule mama alivitazama vidole vyangu, kisha vya Papa.

"Na huyu?"

"Wangu," Papa akasema.

"Naona. Basi Krawczyk mwenyewe ni huyu."

Nilimpa Papa sindano. Pua yangu sikuitafuta tena.