Mwanafunzi wa Mwalimu Barnaba

Kipindupindu kilipofunga shule, Mwalimu Barnaba alitangaza kwamba atafundisha kwa simu. Akajikalia kwake Chapwa, miguu juu ya meza, akiwatumia wazazi wa bondeni Momba maswali ya hesabu, na kujisifu eti anachapa kazi. Kazi gani! Kila mtu anajua kwamba kwa wafugaji simu ni moja, nayo inashinda machungani, ili wezi wakivamia mchungaji aite wenzake. Watoto hawakuliona hata swali moja.

Shule ilipofunguliwa, akamcharaza viboko Kabula, mtoto wa mfugaji mmoja, eti mvivu, hakujibu maswali. Kesho yake baba wa mtoto, mzee Ngassa, akaswaga fahali mpaka mlangoni mwa darasa.

“Mwalimu, uliyekuwa unamfundisha ni huyu. Mchape.”