Ubeti wa Maharagi

Jirani anachoma maganda ya maharagi, na moshi wake mkali unanirudisha kanisani, magoti yangu juu ya udongo.

Siku ile ya Mungu sisi watoto tulisimama mbele kuimba wimbo wa kiangazi kutoka kitabu cha Wazungu: majani mabichi, maua kila upande. Kiangazi gani hicho? Nje milima yetu ilikuwa imekauka, na mama zetu walikuwa wanapiga maharagi kwa fimbo juma zima. Basi nikaimba nilichokiona: "Asante Mungu kwa jua, linakausha maharagi yetu."

Mwalimu wa kanisa akasimamisha wimbo. "Imba yenye iko mu kitabu!"

"Mwalimu, ile kiangazi haiko ya kwetu."

"Piga magoti mpaka utubu!"

Nikapiga magoti, nikauimba tena ubeti wangu, kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo mama akatoka upande wa wanawake, vumbi la maharagi bado kwenye nywele. Nilidhani anakuja kunichapa. Akapiga magoti pembeni yangu.

"Mwalimu, hata mimi siwezi kutubu," akasema, akaanza kuimba ubeti ule ule.

Nyuma yetu mabenchi yakatoa mlio. Wanawake wote walikuwa wanashuka chini kupiga magoti.