Nilisomea afya ya jamii, nikamkuta pacha wangu kwenye somo la vumbi la mawe

Wakuu, walionitangulia shikamooni, na wa rika langu mambo vipi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika la kwangu. Sijaongeza chumvi. Kama kuna kitu, basi nimepunguza, kwa sababu baadhi ya wahusika wapo na wengine wanapita humu. Chuo na hospitali sitavitaja.

Naitwa Doto. Kwa wasiojua mambo ya Usukumani, ukisikia Doto ujue kuna Kulwa. Kulwa alitangulia kutoka, mimi nikafuata.

Tumezaliwa Samuye, Shinyanga vijijini. Wazazi wetu ni wakulima wa mpunga na dengu, na ng'ombe kidogo. Tulifanana mpaka baba alikuwa anaita jina lolote kati ya hayo mawili, na aliyekuwa karibu anaitika.

Kidato cha nne mimi nilifaulu, Kulwa hakufaulu.

Hakununa. Alinisindikiza kuripoti kidato cha tano, akanibebea godoro, kisha akaondoka na rafiki yake kwenda Geita, machimbo ya karibu na Rwamgasa. Huko akapata kazi kwenye karasha.

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Inaendeshwa na injini ya dizeli, juu wanaezeka bati au turubai, na unga unaruka mchana kutwa. Anayelisha mawe akitoka pale jioni utadhani kamwagiwa sembe mwili mzima. Kulwa ndiye alikuwa analisha mawe.

Mimi nilipomaliza kidato cha sita nikachaguliwa chuo, digrii ya afya ya jamii, yaani public health.

Nyumbani walifurahi, ila hawakuelewa. Mama akaniuliza, "Kwa hiyo sindano utaanza kuchoma lini?"

Nikamwambia sisi hatuchomi sindano, sisi tunazuia watu wasiugue.

Baba akasema, "Sasa asiyeugua atajuaje kwamba ni wewe umemsaidia?"

Wakuu, miaka yote ya chuo sikusikia mhadhiri akiuliza swali gumu kama lile.

Tuendelee.

Likizo ya mwaka wa pili nikamkuta Kulwa nyumbani. Alikuwa ameshaoa, ana binti anaitwa Neema, na mkewe wote tulimwita Mama Neema. Alikuwa amekonda. Alikohoa kikohozi kikavu, akitembea kidogo anasimama, anajifanya anatazama kitu mbali.

Kituo cha afya walimwanzishia dawa za TB. Akazimaliza bila kuruka hata siku moja, maana Mama Neema alikuwa anamsimamia. Hakupata nafuu. Makohozi wakipima hawaoni kitu, lakini kwa kuwa anakohoa na anakonda, akaanzishiwa tena.

Shangazi akasema huo si ugonjwa wa hospitali, kuna mtu kule machimboni anamuonea wivu. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa kifuani. Siwalaumu. Mtu akikohoa hivyo na dawa hazimsaidii, kila anayempenda anatafuta njia.

Kulwa akarudi kazini hivyohivyo.

Mwaka wa tatu tukaanza somo la afya mahali pa kazi. Mwalimu alikuwa mama mmoja mpole, anafundisha taratibu. Siku hiyo akawasha projekta, akaweka picha ya eksirei ya mapafu. Yale mapafu yalikuwa na vidoa vyeupe kila mahali, kama mtu kanyunyiza mchanga.

Akaeleza kwamba mawe ya namna fulani yakisagwa makavu, vumbi lake ni laini sana, linaingia ndani kabisa kwenye mapafu na halitoki. Mapafu yanajikunja na kuwa magumu. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Mgonjwa anakohoa, anakonda, anachoka, na mara nyingi anatibiwa TB ambayo hana, au anaipata kweli juu ya ule ugonjwa wa kwanza.

Akauliza, "Nani hapa ana ndugu anayesaga mawe?"

Nilinyoosha mkono peke yangu. Wenzangu walikuwa wanaandika notsi. Mimi nilikuwa nasomewa habari za kwetu na mtu asiyepajua kwetu.

Nilitoka nje nikampigia Kulwa. Alipokea, nyuma yake nasikia mashine inanguruma. Nikamwambia aache ile kazi leo hii. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Ng'wana mayu," akaniita, ndiyo namna yetu ya kuitana mtoto wa mama yangu, "nikiacha, Neema atakula hiyo digrii yako?"

Hakusema kwa ubaya.

Ulipofika wakati wa field, yaani mafunzo kwa vitendo, niliomba nipangiwe Geita, nikakubaliwa. Jambo la kwanza nilimchukua Kulwa tukaenda Mwanza, hospitali kubwa. Siku hiyo alikubali kirahisi, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu namjua.

Daktari alikuwa dada wa makamo. Kabla hajamgusa akamuuliza, "Unafanya kazi gani?"

"Karasha."

"Tangu lini?"

"Tangu niache shule."

Akaweka kalamu chini. Wakuu, mzunguko wote ule wa vituo na dawa, huyo ndiye alikuwa wa kwanza kumuuliza kazi yake.

Eksirei ilipotoka niliitambua kabla daktari hajasema neno. Ilikuwa ileile ya darasani. Daktari alieleza kwa upole, akataja kupunguza makali ya kikohozi, kuepuka vumbi, kurudi kliniki. Kulwa akawa anaitikia ndiyo, ndiyo.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi chini ya varanda. Akaniambia, "Sasa niambie wewe. Na uniambie kwa Kisukuma."

Kwa Kiswahili ningeweza kuzungukazunguka. Ningesema hali, changamoto, uangalizi. Kwa lugha ya mama sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia mawe yamekaa ndani ya kifua chake, hayatoki, na hakuna dawa ya kuyatoa.

Akawa anaangalia watu wanavyopita na vyeti vyao vya matibabu.

"Umesoma miaka yote hii," akasema mwishoni, "ndiyo uje uniambie hakuna dawa?"

"Ndiyo."

"Na wale niliowaacha kule?"

"Wale dawa yao ipo. Wasisage makavu. Maji yamwagike kwenye mawe muda wote, vumbi lisiruke."

"Maji tu?"

"Na wajifunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri, si kitambaa. Lakini kwanza maji."

Alitikisa kichwa. Sikuona machozi. Niliona amekasirika, na ilikuwa mara ya kwanza namuona hivyo tangu utotoni.

Tukarudi machimboni, ila Kulwa hakugusa tena karasha, akawa anashinda nyumbani. Msimamizi wangu wa field alikuwa afisa afya, mtu muungwana. Alikuwa amezoea kuelimisha kuhusu vyoo na zebaki, ile ya kukamatia dhahabu, maana semina zote kule zinaongelea zebaki. Ni kweli zebaki ni hatari, lakini kuhusu vumbi nilikuwa sijasikia mtu akifungua mdomo. Nikamuomba, akaniruhusu.

Kikao cha kwanza kilikuwa aibu. Niliongea vizuri, nina mabango, nina picha. Wasagaji walisikiliza kama wanavyosikiliza tangazo la redio. Mmoja akasema, "Mdogo wangu, vumbi ni la kazi. Hata mkulima ana vumbi." Wakacheka, injini zikawashwa.

Mmiliki wa karasha alilokuwa akifanyia kazi Kulwa alikuwa Mzee Limbu. Si mtu mbaya. Aliniambia wazi kwamba maji yatamlowanishia unga, kazi itaenda polepole, na wenye mawe watahamia kwa jirani.

Jioni nikamsimulia Kulwa. Akasema, "Kesho nipeleke."

Nilikataa. Mama Neema alikataa. Akaenda.

Tulifika saa ya chakula, watu wamekaa kwenye kivuli cha bati kwa mama lishe. Walimsalimia kwa furaha, wengi walikuwa hawajamuona tangu aache kazi. Akaniambia nisimame pembeni yake, bega kwa bega.

"Wengi hapa hamjui kwamba huyu ni pacha wangu," akawaambia. "Siku moja, tumbo moja. Tuangalieni."

Walituangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo. Mama lishe akaacha kupakua wali.

Kisha Kulwa akaonyesha karasha la Mzee Limbu, ambalo kutoka pale ni umbali wa kumtupia mtu jiwe. Akasema tutatembea wote wawili mpaka pale na kurudi. Akaanza.

Nilitembea naye. Katikati akasimama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Nikataka kumshika, akanisukuma mkono. Akaendelea. Akasimama tena. Tulipogeuka kurudi hapakuwa na mtu anayekula.

Aliporudi hakuweza kuongea. Alikaa chini, akavuta pumzi kwa muda mrefu, watu wote wakisubiri. Halafu akasema maneno machache tu: "Mimi nilikuwa na nguvu kuliko huyu. Mnajua. Sasa msikilizeni."

Nikaongea. Sikutumia bango hata moja.

Mzee Limbu alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Kabla field yangu haijaisha aliinua pipa juu ya mbao, akaunganisha bomba lenye matundu, maji yakawa yanadondoka kwenye mawe wakati wa kusaga. Kweli kazi ilienda polepole. Kweli baadhi ya wenye mawe walihama. Na wasagaji wa kwa jirani wakaanza kuhamia kwake.

Jirani mwingine akamuiga. Wengine mpaka leo wanasaga makavu. Sitawadanganya kwamba machimbo yote yamebadilika.

Kulwa tukamrudisha Samuye. Mama Neema naye alikuwa anachekecha unga wa mawe pale machimboni, akaacha, wakalima pamoja na mama. Kulwa alikaa nyumbani na binti yake, akamfundisha kuhesabu kwa kutumia dengu.

Alifariki mvua zilipoanza, mchana, mama akiwa amemshika. Mimi nilikuwa chuoni, nakaribia mitihani ya mwisho. Nilifika siku ya mazishi. Wazee walifanya taratibu zao za mapacha, mimi nikafanya kila nilichoambiwa bila kuuliza, na nilipomaliza mama alinikumbatia akaniita Kulwa. Hakuna aliyemsahihisha.

Nilirudi nikafanya mitihani. Watu huuliza niliwezaje. Sijui. Kwenye somo la afya mahali pa kazi swali mojawapo lilihusu vumbi la mawe. Nililijibu la mwisho, nikatoka.

Sasa hivi nimemaliza. Ajira sijapata, kama wengi wenu humu. Najitolea na yule afisa afya, tunapita kwenye makarasha, machimbo ya Segese nako tumefika. Wengine wanatufukuza. Wengine wanatuomba turudi tukaongee na wake zao, maana wanaochekecha ni wanawake, na mara nyingine mtoto kalala mgongoni vumbini.

Juzi kati kijana mmoja aliyekuwa analisha mawe kwa Mzee Limbu alikwenda kupimwa, akaambiwa mapafu yake ni mazima. Alinipigia kunieleza. Nikampongeza, nikakata simu, nikakaa chini nikalia. Sijui kama lilikuwa lile bomba au bahati yake. Nikalikumbuka swali la baba, na bado sina jibu.

Nilichojifunza, wakuu: ukiwa na ndugu anayekohoa na dawa hazimsaidii, usiishie kumuuliza anaumwa wapi. Muulize anashinda wapi na anafanya kazi gani, na akienda hospitali mwambie aitaje kazi yake hata asipoulizwa. Na wadogo zangu mliopangiwa kozi ambayo nyumbani hawaielewi, ikamilisheni. Itakuja siku mtaelewa ninyi wenyewe kwanza.

Mwenye ndugu kwenye karasha, kwenye kokoto au kwenye mashine ya kukata mawe, aandike hapa chini tusaidiane kwa ninachojua. Madaktari mliomo humu nirekebisheni nilipokosea. Na kama kuna aliyefanya kazi na Kulwa pale Rwamgasa, naomba uniandikie lolote unalokumbuka juu yake, hata kama ni utani tu. Neema ameshaanza shule, na anauliza baba yake alikuwa anaongeaje.